Aliyetuambia Hamna

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayetoa bila kuombwa na kuchukua bila kudhulumu, na ambaye akiahidi jambo, jambo hilo huwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na watu wa nyumba yake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Baada ya hayo, wasomaji wangu, nawasalimu nikiwa mzima na mwenye shukrani. Macho bado yaziona herufi na mkono bado waishika kalamu. Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya mifereji ya mtaani kwetu, ambayo mvua ikinyesha hutukumbusha kwamba ipo. Lakini mifereji itangoja, imeshazoea. Nina maiti wa kumtaja, ingawa jina lake sitaliandika. Walio wake wanamjua, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kutajwa.

Habari ilinikuta kwenye baraza ya msikiti wetu, hapa Bondeni, baada ya alasiri. Muadhini alitoka ndani akitafuta kandambili zake, akaniinamia upande wa kulia, kwa kuwa sikio langu la kushoto si la kutegemewa tena.

“Maalim, yule wa supamaketi katangulia.”

“Wa supamaketi yupi?”

“Wetu. Wa mihogo. Kajilaza baada ya adhuhuri, mkewe kwenda kumwamsha, hakuamka. Twamzika kesho asubuhi, inshallah.”

Nikasema yale tunayoyasema. Kisha nikaendelea na tasbihi yangu, na nikaona kidole changu kinasukuma punje moja baada ya nyingine kama kwamba hakikusikia kitu. Nilingoja huzuni ije. Mbele yangu muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake, paka alikuwa amelala juu ya kiatu cha mtu, na mimi nimekaa tu. Haikuja siku ile, na nawaambia ukweli kwamba hata sasa ninapoandika haijafika vizuri. Pengine hilo ndilo lililonifanya niandike. Marehemu alikuwa na neno lake juu ya hali hiyo, nami nitalifikia.

Tazameni kwanza hilo jina tulilompa. Supamaketi yenyewe ilishafungwa miaka kadhaa iliyopita, mlango wake una kutu, kwenye ghorofa ya chini siku hizi panauzwa mapazia. Naye kwa miaka hiyo yote alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga kule Mama Ngina, kando ya bahari. Lakini mtu akisema “yule wa supamaketi”, hakuna aliyeuliza mara ya pili isipokuwa kizee kama mimi. Duka lilikufa, jina lake likabaki kichwani mwa mtu mmoja kama mzigo aliosahau kuutua.

Kwao kulikuwa upande wa Kwale, Mdigo, Muislamu mwana wa Waislamu. Alipanga nyumba nyuma ya msikiti wetu na akasali nasi safu moja muda mrefu kabla sijajua kazi yake. Duka hilo, ambalo nalo sitalitaja, lilikuwa tawi la kampuni iliyotapakaa nchi nzima, na lilipofunguliwa kati ya hapa na Mwembe Tayari, watu wa Mji wa Kale walikwenda kulitazama kama waendao kumwona bibi harusi. Kulikuwa na baridi ndani. Wazee tulikuwa tukiingia kununua kiberiti na kutoka baada ya nusu saa. Abiria wa mabasi ya bara walijaa humo kununua mkate na maji ya njiani. Yeye aliingia kama mchukuzi wa magunia, akapanda polepole, mpaka akawa msimamizi wa rafu. Mimi nilikuwa mteja wake wa chaki, sabuni na biskuti za watoto wa madrasa, na kila nikiingia aliacha alilokuwa akifanya akaja kunipa mkono wa heshima, na nyuma yake wakaja nao vijana wake, Waislamu kwa Wakristo, Wagiriama na Wakamba na Waluo, wote wanasema “shikamoo Maalim” kama walioimbishwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kitu kinachoitwa kuvuta mbele. Asubuhi kabla ya kufungua, na tena adhuhuri, wafanyakazi hupita kwenye rafu na kuvuta kila kopo na kila pakiti mpaka ukingoni, ili mteja akitazama aone ukuta wa bidhaa uliojaa. Ni kazi ya kawaida katika maduka hayo, wala haina ubaya. Nyuma ya kopo la kwanza yapo makopo mengine. Ni sawa na mtu anayechana nywele kabla ya kutoka nyumbani. Aliipenda kazi hiyo. Alikuwa akirudi nyuma hatua chache, anainamisha kichwa, kisha anarudi kugeuza kopo moja ambalo picha yake ilitazama pembeni.

Sijui ugonjwa wa lile duka ulianza lini, kwa kuwa haukuanza kwa kishindo. Baridi ilizimwa, tukaambiwa mashine inatengenezwa. Mkate wa humo humo ukaacha kuokwa. Friza moja ikafunikwa na kupangwa ndoo za plastiki juu yake. Waleta maziwa wakawa hawateremshi kreti garini mpaka walipwe, na mara nyingine waliondoka nazo. Palipokuwa na mafuta ya kupikia, ikapangwa siki. Halafu siki ikasogea mpaka palipokuwa na majani ya chai, na ikafika siku ukiingia unakuta njia nzima ni siki, chupa zimejipanga kama watoto wa shule, hakuna anayeinunua. Mshahara nao ukawa unakuja vipande. Kila mara wakija wakubwa kutoka Nairobi, wafanyakazi waliambiwa mwekezaji yuko njiani, wapige deki vizuri. Walipiga deki. Wakakasirika, wakaenda kwa watu wa chama chao, wakasimama nje na mabango asubuhi moja, wakarudi ndani kwa kuwa jua lilikuwa kali na hakuna aliyekuja kuwasikiliza. Baadaye hata hasira ikawaisha. Walisimama kati ya rafu mikono nyuma, wakifuta vumbi lililokwisha kufutwa. Na yeye aliendelea kuvuta mbele, isipokuwa sasa nyuma ya kopo la kwanza hapakuwa na kitu. Ukichukua moja, unaona ukuta.

Ilikuwa karibu na Ramadhani alipoamriwa apange tende mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya duka kila mwaka. Tende zenyewe zilikuwa chache. Maboksi matupu ya mwaka uliopita yalikuwa mengi stoo, basi yakafungwa kwa gundi, yakapangwa mnara, na juu kabisa yakawekwa yale machache yenye tende. Nilikuwapo siku hiyo. Aliingia bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, buibui limefungwa imara, mkoba wa ukindu mkononi. Watu wa duka hawakuwaza jambo moja ambalo kila mtu wa mji huu analijua, nalo ni kwamba mama wa Kimvita hachukui cha juu. Cha juu kimeshikwa na kila mkono. Akachagua boksi la katikati, akalishika kwa mikono yote miwili, akavuta. Boksi likaruka nalo likamgonga kidevuni, na mnara wote ukamshukia miguuni.

Bi mkubwa akalitikisa boksi sikioni kama atikisavyo nazi.

“Alaa! Kumbe hata maboksi yenu yamefunga saumu?”

Bawabu akacheka. Keshia mmoja, dada wa Kikamba mwenye ulimi mwepesi, akasema kutoka kwenye kiti chake, “Mama, hayo hayajafunga, hayo yameachishwa kazi!” Watu wakacheka zaidi. Marehemu naye alicheka, kisha akachutama akaanza kuyaokota, nami nikamsaidia. Boksi tupu lina wepesi wa ajabu. Mkono umejitayarisha kubeba, halafu unapanda juu wenyewe. Tulipomaliza akayapanga tena mnara ule ule, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa.

Lakini hayo ya maboksi hayakuwa ndiyo yaliyomkera. Kulikuwa na amri nyingine. Kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa walisimama duara, akaomba dua Muislamu leo na Mkristo kesho, kisha meneja akasoma maagizo. Agizo lililodumu kuliko yote lilikuwa kwamba mteja asiambiwe “hamna”. Aambiwe inakuja kesho. Neno “hamna” likapigwa marufuku ndani ya nyumba ile kama tusi. Vijana wakalifanya mchezo. Nilimkuta yule dada keshia siku moja akihadithia, “Mimi hata mume wangu akiniuliza ugali uko wapi, namwambia mteja wetu mpendwa, kesho asubuhi!” Wenzake wakajikunja kwa kucheka. Hakuna aliyekuwa na furaha katika kicheko kile.

Sasa ninyi mnajua desturi yetu hapa pwani. Mtu hasemi kesho peke yake. Kesho ina mwenyewe, na tukiitaja twamtaja naye: kesho, inshallah. Hata fundi cherehani asiye na nia ya kumaliza kanzu yako atakwambia inshallah. Basi siku moja nikamuuliza marehemu kama chaki zimekuja, akanijibu, “Kesho, Maalim.” Nikangoja. Hakuongeza kitu.

“Mbona siku hizi wanipa kesho kavu?” nikamwambia kwa mzaha.

Akatazama huku na huku, akanivuta mpaka kwenye siki, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

“Maalim, chaki haziji. Wajua na mimi najua. Kesho nimeamriwa kusema, nami nina watoto, nasema. Lakini jina la Mungu siliingizi humo. Jina lake si kopo la kuvuta mbele.”

Yeye akaendelea, sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi peke yake.

“Hawa watu nasali nao. Siku yangu ikifika nitalazwa mbele yao, imamu atawauliza, mwamshuhudia vipi huyu? Watasema nini? Huyu ndiye aliyetwambia kesho mwaka mzima?”

Kwa msomaji asiyejua, msikitini kwetu imamu akishasalisha jeneza hugeuka na kuwauliza waliohudhuria wanamshuhudia nini marehemu, nao hujibu: kheri. Ni swali la wakati mmoja tu, na mwenye kuulizwa habari zake hawezi kujitetea. Wengi wetu hatulifikirii tukiwa wazima. Yeye alikuwa akilifikiria kati ya rafu za siki, kila mteja aliyemkaribia akimwona ni shahidi.

Nilimwambia asubiri. Nimefundisha subira miaka mingi, nikaitoa siku ile kama mtu atoavyo kitu kilicho karibu na mkono. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, “Wajua ukikaa sana kwenye tahiyatu, mguu umeukalia, unavyokufa ganzi? Waambiwa inuka, wainuka, wautupa mbele, wala hujui umekanyaga au hukukanyaga. Mimi ndivyo nilivyo, Maalim. Sisubiri. Sihisi kitu.”

Hilo ndilo neno lake nililosema nitalifikia. Nilirudi nyumbani nalo. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu asiyelalamika ni mwenye subira, na wale vijana wa duka, waliosimama mikono nyuma bila kulalamika, nilikuwa nimewahesabu miongoni mwa wenye kusubiri. Subira ina macho. Mwenye kusubiri anajua anachokingoja na anajua kinamuuma wapi. Ganzi haijui kitu. Nazo zikikaa kitini zafanana, huwezi kuzitofautisha mpaka mtu ajaribu kuinuka.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibokoni, kule Mji wa Kale, fundi wa makasha aliyestaafu, mwenye bakora na goti bovu. Mkewe alikuwa kitandani, chakula kigumu hakipiti, na daktari alikuwa amewaandikia maziwa fulani ya kopo. Kwa muda maziwa hayo yalipatikana katika lile duka, kisha yakaisha. Mzee huyo akawa anakuja karibu kila siku. Anatoka Mji wa Kale kwa miguu, anapumzika kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, anapumzika tena kwa muuza magazeti, anafika. “Maziwa yamekuja, mwanangu?” “Kesho, ami.” “Inshallah,” mzee anajibu mwenyewe, anageuka. Nyumbani, kumbe, anampa mkewe uji mwepesi na kumwambia avumilie, kopo laja kesho. Yale aliyoambiwa na duka alikuwa akiyapeleka mpaka kitandani kwa mgonjwa.

Marehemu alinihadithia yaliyotokea, na baadaye nikayasikia pia kwa yule keshia, nayo yalilingana. Asubuhi moja alimwona mzee kupitia kioo, amesimama upande wa pili wa barabara, ameshika nguzo, anangoja magari yapungue avuke. Akamtazama mpaka akavuka. Mzee akaingia, kofia imemtota jasho.

“Yamekuja, mwanangu?”

“Hamna, ami.”

Yule dada akasema aliacha kuhesabu chenji. Neno hilo lilikuwa halijasikika humo ndani kwa muda mrefu.

“Basi kesho?”

“Hata kesho hamna. Hayaji tena, ami. Mwenye kuyaleta ameshaacha kutuletea. Usije tena kwa ajili yake. Nenda duka la dawa lile la kona, karibu na soko. Mimi nilipita jana nikauliza, wanayo.”

Mtu angetarajia mzee ashukuru. Mzee aliinua bakora.

“Na siku zote hizi? Wanipandisha na kunishusha na goti hili? Mtu mzima wewe, mvi zote hizo kidevuni, wanidanganya mimi? Mke wangu nimemwambia nini mimi? Nimemwambia nini?”

Marehemu alisimama mikono pembeni mpaka mzee akachoka. Hakusema ni amri ya meneja. Mzee akatoka akigongagonga bakora chini, na duka zima likawa linamtazama msimamizi wa rafu. Jioni ile alinikuta barazani, akakaa kando yangu, akasema, “Leo nimeumia, Maalim.” Nikamwambia pole. “La, sikiza. Wajua damu inavyorudi mguuni baada ya ganzi? Yachoma kama sindano, wataka kulia. Leo yanichoma. Alhamdulillahi.”

Meneja alimwita. Naye alikuwa kijana wa bara, mtu mpole, aliyekuwa na mke na mtoto mchanga huko kwao, na sitaki mumfikirie vibaya. Akamwambia, “Mzee, umeniharibia. Mteja akienda kule harudi.” Marehemu akamuuliza, “Akirudi, mwanangu, akute nini?” Kijana akaangalia meza yake. “Mimi pia naambiwa, mzee,” akasema. Mwisho wake marehemu akaondolewa mbele ya wateja, akapelekwa stoo. Huko akawa analinda chumba kisicho na kitu, mtu na kiti chake na feni iliyoharibika, mpaka asubuhi walipofika wakakuta mnyororo mlangoni na karatasi imebandikwa.

Walisimama kwenye njia ya miguu na fulana zao za kazi. Nilipita nikawaona. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alikuwa akila karanga. Kilichonishangaza ni kwamba wateja walipokuja na kuuliza, “Mwafungua saa ngapi leo?”, vijana walijibu kwa mazoea, midomo yenyewe tu, “Kesho.” Na marehemu akawa anapita nyuma yao akiwarekebisha wateja mmoja mmoja, kwa upole, “Hatufungui tena, mama. Nenda salama.” Aliifanya kazi hiyo mpaka jua likapanda, ingawa hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Baada ya hapo alipata karai na jiko, akaenda Mama Ngina kukaanga mihogo. Jioni baada ya jioni, watu wamejaa wanapunga upepo, yeye anakata, anatia pilipili na ndimu. Mwanzoni nilikwenda kumtazama kwa huruma, huruma ambayo hakuihitaji. Nilimkuta karai limeisha, na familia moja imekuja, watoto wanaruka ruka mbele ya meza.

“Hamna, mabwana wakubwa! Imekwisha! Nendeni kwa mama yule mwenye mwavuli mwekundu, mihogo yake mizuri kuliko yangu.”

Yule mama wa mwavuli mwekundu, Mgiriama, akajibu kwa mbali, “Leo ndiyo wasema kweli, baba!” Wakacheka wote wawili. Marehemu akanigeukia akifuta mikono, uso unang'aa kwa mafuta, akaniambia jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu juzi. “Maalim, hujui raha ya kusema hamna. Wewe hukuwahi kukatazwa.”

Kweli sikuwahi. Na hayo aliyoyafanya ndiyo niliyoyaona tangu utoto katika maduka madogo ya Bondeni, Wahindi na Waarabu na Waswahili, mwenye duka akiishiwa na kitu anakwambia hamna, nenda kwa jirani, na mara nyingine anakuonyesha mlango kwa kidole. Hakuona kuwa anapoteza. Alijua utarudi kesho kununua kingine, kwa sababu jana alikwambia kweli. Siwadharau wenye maduka makubwa. Nimenunua humo na nimefurahia baridi yao. Lakini nimeona jinsi nyumba inavyoanguka, na nadhani haikuanguka kwa sababu ya bidhaa kuisha. Bidhaa huisha kila mahali. Ilianguka pale ilipowakataza watu wake kusema zimeisha, na ikawafanya wasimame humo mwaka mzima wakihifadhi picha ya duka. Mshahara wa mtu ukichelewa, nyumba yake yapata tabu, na Mungu hufungua. Neno lake likichukuliwa, hata yeye mwenyewe hajui limekwenda lini.

Tulimsalia asubuhi. Msikiti ulijaa kuliko nilivyotazamia. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, walisimama wenzake wa zamani wasiokuwa Waislamu, yule dada keshia amejifunga leso kichwani, na yule aliyekuwa meneja naye, sasa ana kitambi kidogo, ameshika kofia yake mkononi. Imamu akatoa salamu, akageuka.

“Mwamshuhudia vipi ndugu yenu huyu?”

“Kheri,” tukajibu wote kwa pamoja.

Nasema wote, na mimi nimo. Lakini nilivyoisikia sauti ile ikipanda na kushuka, nikatambua kwamba ndivyo tunavyojibu siku zote, kwa kila jeneza, hata la mtu tusiyemjua, midomo yenyewe tu, kama wale vijana mbele ya mnyororo. Nikawaza kwamba mtu huyu aliingoja hukumu yetu miaka yote hiyo kwa hofu, nasi tumempa kheri ya mazoea. Imamu alikuwa ameshafungua mdomo kuendelea na dua. Ndipo kutoka safu ya nyuma, kwenye viti vya wasioweza kusimama, ikatoka sauti moja ya kizee, imekwaruza.

“Huyu aliniambia kweli.”

Sikuhitaji kugeuka, niliisikia bakora ikigonga sakafu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki siku nyingi, na goti lake sasa halimfikishi popote bila kushikwa. Mjukuu alimleta kutoka Kibokoni kwa tuktuk. Imamu alimtazama mzee, kisha akaendelea na dua. Tukambeba, tukamzika, tukatia udongo. Jua lilikuwa juu. Nilitupa konzi zangu za mchanga na bado sikuhisi sana, ila njiani kurudi nilianza kusikia kitu kidogo kikinichoma, nikamshukuru Mungu.

Ikiwa kuna la kujifunza hapa, wasomaji wangu, mimi nimejifunza hili. Kila mmoja wetu amesimama mahali fulani nyuma ya meza, dukani, afisini, darasani, nyumbani kwake, na kila siku anakuja mtu na goti bovu kumuuliza jambo. Ukiwa nacho, mpe. Kikiwa hakipo, mwambie hamna, na umwonyeshe mlango wa jirani kama waujua. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Siku utakayolazwa mbele yake hutakuwa na ulimi wa kumweleza uliamriwa nini na nani.

Ewe unayesoma, Mungu akujaalie riziki isiyokuomba uuze neno lako, na moyo unaouma mahali panapopasa kuuma, na majirani watakaosimama siku yako wakijua wanachokisema. Amrehemu yeye, awape subira yenye macho walio wake, na atujaalie sisi tuliobaki tufike kwake tukiwa wakweli. Amin.